Nyasi Zinazostahimili Metali Nzito: Namna Mbegu Zake Zinavyopatikana na Mipaka ya Kazi Yake

Mgodi unapofungwa, watu na mitambo huondoka lakini sumu hubaki. Risasi, zinki, shaba, kadimi na aseniki, ambazo kwa pamoja huitwa metali nzito na wengine huziita madini tembo, haziozi wala haziungui, na hakuna kijidudu cha udongoni kinachoweza kuzivunjavunja kama kinavyofanya kwa mafuta yaliyomwagika. Baada ya miaka 100 zitakuwa bado zimo katika vifusi na katika topesumu iliyoachwa na uchenjuaji. Hatari huongezeka pale ambapo ardhi hiyo haioti chochote. Wakati wa kiangazi upepo hupeperusha vumbi lake hadi kwenye makazi, na wakati wa masika maji husomba tope lake hadi mitoni na mashambani. Watoto ndio huathirika kwanza, kwa kuwa huchezea udongo na kupeleka mikono mdomoni, na risasi hudhuru ubongo unaoendelea kukua. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama.

Njia ya moja kwa moja ya kuondoa hatari hiyo ni kuuchimba udongo wote wenye sumu na kuuhamishia mahali pa kuhifadhiwa, au kuufunika kwa tabaka nene la udongo safi. Kwa kiwanja cha shule jambo hilo linawezekana. Kwa mamia ya hekta za vifusi gharama yake haibebeki, na udongo safi wa kufunikia lazima nao uchimbwe mahali pengine. Ndiyo maana kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wamekuwa wakifanyia kazi njia nyingine, yaani kuivisha ardhi hiyo nyasi. Nyasi zina mizizi mingi, myembamba na iliyosukana, ambayo hushika tabaka la juu la udongo kuliko mimea mingine mingi ya umri huo huo. Kikwazo ni kwamba mbegu za kawaida zikipandwa juu ya kifusi chenye sumu huota, husimama kwa siku chache, kisha mizizi yake hukoma kurefuka na mmea hufa.

Jibu la kikwazo hicho halikubuniwa katika maabara. Lilikutwa limeota lenyewe juu ya migodi mikongwe ya Wales.

Somo la Goginan

Wales, iliyoko magharibi mwa kisiwa cha Uingereza, ilichimbwa metali tangu zama za kale. Katika mlima wa Parys, kisiwani Anglesey, mshipa mkubwa wa shaba uligunduliwa mwaka 1768, na katika miaka ya 1780 machimbo hayo yakawa miongoni mwa makubwa zaidi duniani. Sehemu ya shaba yake ilitumika kufunika matumbo ya merikebu za kivita ili yasitobolewe na wadudu wa baharini. Mgodi wa Goginan, karibu na mji wa Aberystwyth, ulitoa risasi na fedha. Migodi hiyo ilipofungwa iliacha vilima vya vifusi ambavyo hadi leo sehemu kubwa yake ni tupu. Hata hivyo, hapa na pale kulionekana vichaka vidogo vya nyasi, na hasa aina iitwayo kitaalamu Agrostis tenuis, ambayo siku hizi huitwa Agrostis capillaris. Ni nyasi ya kawaida kabisa katika malisho ya kondoo ya eneo hilo.

Mwanabotania Anthony Bradshaw, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Liverpool, alichukua nyasi za juu ya kifusi cha Goginan na nyasi za aina hiyo hiyo kutoka malishoni, akazipanda zote katika udongo wa mgodi. Za malishoni zilikufa. Za mgodini ziliendelea kukua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1952 katika jarida la Nature. Kwa macho nyasi hizo mbili hazikutofautishika kwa urahisi, lakini zilitofautiana kwa urithi, kwa kuwa uwezo wa kustahimili ulibaki hata mmea ulipokuzwa katika udongo safi na ulipita kwa watoto wake.

Uwezo huo ulitoka wapi? Majaribio yaliyofuata, ambayo mtu yeyote mwenye kitalu anaweza kuyaelewa, yalitoa jibu. Mbegu nyingi za Agrostis zilizovunwa katika malisho ya kawaida, ambako hapakuwahi kuwa na mgodi, zilimwagwa juu ya udongo wenye shaba. Karibu zote zilikufa, isipokuwa mche mmoja au miwili katika kila 1,000. Miche hiyo michache ilikuwa na ustahimilivu tayari, kabla haijaiona shaba. Sumu haikuupa mmea uwezo. Iliondoa wasio nao ikaacha walio nao, na hao wakazaliana wao kwa wao. Kwa sababu hiyo mabadiliko yanaweza kutokea kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Karibu na kiwanda cha kusafisha shaba huko Prescot, jirani na Liverpool, nyasi za bustani zilizopandwa katika karne ya 20 zilikutwa zimekwisha kuwa na ustahimilivu, ikiwemo baadhi ya bustani zilizokuwa na umri wa miaka michache tu.

Kinyume chake, zipo aina za nyasi ambazo katika maelfu ya mbegu zake haupatikani hata mche mmoja unaostahimili. Aina hizo hazionekani kamwe juu ya migodi, hata kama zimeizunguka pande zote. Kwa mzalishaji wa mbegu jambo hili ni la msingi: pasipo na tofauti za urithi hakuna cha kuchagua, na juhudi zote hupotea bure.

Kutoka kichaka cha mgodini hadi gunia la mbegu

Uzalishaji wa mbegu za aina hii huanza kwa kukusanya, wala si kwa kuchanganya. Mtafiti huenda kwenye vifusi vya zamani, hukusanya vikonyo au mbegu kutoka katika mimea mingi iliyosimama mbalimbali, kisha huipima. Kipimo kilichotumika zaidi ni rahisi na kilielezwa mwaka 1957: vikonyo huwekwa katika maji yenye chumvi ya kalsiamu pekee, na vingine katika maji hayo hayo yaliyoongezwa kiasi maalumu cha metali. Baada ya siku kadhaa urefu wa mizizi hupimwa. Mmea ambao mizizi yake katika maji yenye metali inakaribia urefu wa ile ya maji safi huhesabiwa kuwa mstahimilivu. Rula ndiyo chombo kikuu hapa, jambo linaloeleza kwa nini kazi hii inaweza kufanyika hata katika taasisi yenye vifaa vichache.

Ugumu huanza wakati wa kuzidisha mbegu. Nyasi nyingi huchavushwa kwa upepo, na chavua ya malisho ya jirani haijui mpaka. Katika mgodi wa shaba wa Drws-y-Coed, uliomo ndani ya bonde jembamba la kaskazini mwa Wales, watafiti walifuata mwelekeo wa upepo na kupima nyasi hatua kwa hatua. Upande unakotoka upepo, mpaka kati ya nyasi zinazostahimili na zisizostahimili ulikuwa mkali, ndani ya mita chache tu. Upande unakoelekea upepo, dalili za ustahimilivu zilionekana katika mbegu za malishoni zaidi ya mita 100 kutoka mgodini. Nyasi za mgodini nazo zina kinga yake. Imebainika kuwa hutoa maua mapema kidogo kuliko za malishoni, na baadhi huweza kujichavusha zenyewe zaidi, hivyo huchanganyika kwa kiasi kidogo na majirani. Hata hivyo, shamba la mbegu lililo karibu na malisho litapoteza ubora wake, na ndiyo sababu shamba hilo lazima litengwe mbali na mbegu za kila zao zipimwe upya.

Zipo pia sababu za kuutazama mmea wenyewe kwa uangalifu. Nyasi zinazostahimili sumu kwa kawaida hushindwa zikishindana na nyasi za kawaida katika udongo safi wenye rutuba. Uwezo huo una gharama kwa mmea, na gharama hiyo ndiyo imezuia nyasi za migodini zisienee katika malisho yote ya Wales. Mbegu hizo basi si mbegu bora kwa maana ya jumla. Ni mbegu za kazi moja.

Tena kazi hiyo ina mipaka myembamba. Nyasi iliyozoea zinki mara nyingi hufa ikipandwa penye shaba, kwa sababu ustahimilivu wa metali moja hauleti ustahimilivu wa nyingine isipokuwa zote zimo katika udongo mmoja. Bradshaw na wenzake walilazimika kuandaa aina tatu za mbegu badala ya moja, na katika miaka ya 1970 zikaingia sokoni. Aina ya Merlin, ambayo ni Festuca rubra, ilikusudiwa vifusi vya risasi na zinki vyenye chokaa nyingi. Aina ya Goginan ilikusudiwa vifusi vya risasi na zinki vyenye tindikali. Aina ya Parys, iliyopewa jina la mlima ule wa Anglesey, ilikusudiwa vifusi vya shaba. Anayenunua mbegu bila kupima udongo wake kwanza ananunua kwa kubahatisha.

Majaribio ya shambani yalionesha jambo jingine ambalo wasimamizi wa miradi hulisahau mara kwa mara. Kifusi cha mgodi, mbali na sumu, ni maskini wa naitrojeni, fosforasi na mboji. Mbegu zinazostahimili zilipopandwa bila mbolea zilidumaa. Mbegu za kawaida zilipopandwa kwa mbolea nyingi zilipendeza msimu wa kwanza, kisha zikarudi nyuma mizizi ilipofika kwenye sumu. Ni pale mbegu sahihi ilipokutana na mbolea ndipo ardhi ilipofunikwa na ikaendelea kufunikwa kwa misimu kadhaa. Picha ya mradi iliyopigwa miezi mitatu baada ya kupanda, basi, haithibitishi chochote.

Je, nyasi husafisha udongo?

Katika mazungumzo ya kawaida husemwa kuwa nyasi hizi husafisha ardhi. Neno hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu maamuzi ya fedha za umma na ya afya za watu hufanywa juu yake.

Hesabu moja inatosha. Chukua hekta moja yenye risasi kiasi cha miligramu 1,000 kwa kila kilo ya udongo, kiwango ambacho si kikubwa kwa eneo la mgodi. Tabaka la juu la sentimita 20 katika hekta hiyo lina uzito wa takriban tani 2,600, hivyo lina risasi kilo 2,600. Tuseme nyasi inastawi vizuri na kutoa tani 10 za majani makavu kwa mwaka, na kila kilo ya majani hayo ina miligramu 50 za risasi. Majani yote yakikatwa na kuondolewa, yatakuwa yamebeba nusu kilo ya risasi. Kwa mwendo huo udongo utahitaji zaidi ya miaka 5,000.

Ipo mimea inayofyonza metali kwa wingi wa ajabu. Katika kisiwa cha New Caledonia umo mti, Pycnandra acuminata, ambao utomvu wake ukikaushwa huwa takriban robo yake ni nikeli. Lakini mimea ya namna hiyo mingi si nyasi, mingi hukua polepole au huwa midogo, na kwa risasi hasa hakuna iliyothibitika kufaa kwa kazi kubwa ya shambani.

Nyasi zinazostahimili hufanya kazi iliyo kinyume na hiyo. Nyingi huizuia metali isipande hadi majanini. Huifunga katika mizizi, ambako sehemu yake huhifadhiwa ndani ya vyumba vya seli isikoweza kudhuru. Nyingine huizuia mlangoni. Aseniki huingia katika mzizi kwa kupitia njia ile ile ya fosfeti, kwa kuwa mmea hauwezi kuzitofautisha vizuri. Nyasi ya Holcus lanatus iliyoota kwenye migodi ya kusini magharibi mwa Uingereza imekutwa imepunguza njia hiyo, na kwa kufanya hivyo huingiza aseniki kidogo. Kwa mzalishaji wa mbegu, basi, mmea bora ni ule ambao majani yake yana metali kidogo kadiri inavyowezekana, kwa sababu majani ndiyo yatakayoliwa na mifugo, kukauka na kupeperushwa.

Kinachopatikana ni ardhi iliyotulia: vumbi limepungua, tope halisombwi, na maji mengi ya mvua hurudi angani kupitia majani badala ya kupenya kifusi na kubeba sumu hadi kwenye visima. Hiyo ni faida kubwa. Lakini metali bado imo. Eneo hilo halijawa shamba la mahindi, na halijawa malisho. Ng'ombe anapolisha humeza udongo pamoja na nyasi, kwa hiyo hata majani yakiwa safi mnyama hupata sumu kupitia mdomo wake mwenyewe. Uzio na alama za katazo ni sehemu ya mradi, na bajeti isiyokuwa nazo haijakamilika.

Katanga: nyasi za milima ya shaba

Mbegu za Wales haziwezi kuhamishiwa Afrika. Ni nyasi za nchi za baridi, na zingeshindwa na jua kabla ya kushindwa na shaba. Kanuni yake ndiyo inayosafiri, yaani kutafuta nyasi za mahali penyewe zilizokwisha kuishi na sumu. Hakuna eneo barani lenye hazina hiyo kuliko Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi ya shaba na kobalti ambayo sehemu ya madini yake hupita katika Bandari ya Dar es Salaam. Huko vipo vilima ambavyo mawe yake yenye shaba yalitokeza juu ya ardhi kwa maelfu ya miaka kabla ya mchimbaji yeyote. Miti haioti juu yake. Badala yake yapo majani mafupi na maua ambayo baadhi hayapatikani popote pengine duniani, na wachimbaji wa kale walikuwa wakiyatambua kama ishara ya madini.

Katika eneo hilo hilo umo mji wa Lubumbashi, ambao kiwanda chake cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911. Moshi wake ulibeba gesi ya salfa na vumbi la metali, na upepo ukavipeleka zaidi upande mmoja wa mji. Upande huo misitu ilikufa, udongo ukawa na tindikali, na maeneo makubwa yakabaki wazi karibu na makazi ya watu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu nyasi tatu za asili: Rendlia altera na Monocymbium ceresiiforme, pamoja na Cynodon dactylon, ambayo si nyingine ila ukoka unaojulikana na kila mkulima wa Afrika Mashariki. Zilipandwa katika vitalu vilivyowekwa shaba kiasi cha miligramu 2,500 kwa kilo ya udongo, baadhi bila kuongezwa kitu, baadhi kwa kuongezwa mboji na baadhi chokaa, kisha zikafuatiliwa kwa miaka miwili. Mahali pasipoongezwa kitu Rendlia ndiyo iliyosalimika zaidi, ikifuatiwa na Monocymbium. Ukoka, pamoja na sifa yake ya kutong'oleka shambani, ulihitaji chokaa ili uishi.

Tofauti kati ya chokaa na mboji inastahili kuangaliwa na yeyote anayepanga bajeti. Chokaa kiasi cha gramu 200 kwa mita ya mraba, sawa na tani 2 kwa hekta, iliongeza uzaaji wa nyasi na kupunguza shaba majanini kuliko mboji. Mboji nayo, ilipotolewa kilo 22.5 kwa mita ya mraba, iliongeza usalimikaji wa Rendlia na idadi ya masuke yake. Kiasi hicho ni tani 225 kwa hekta. Kwa uwanja wa kijiji mboji hiyo inaweza kupatikana. Kwa eneo lote lililo chini ya moshi wa kiwanda haipatikani, na ndiyo sababu watafiti walishauri mchanganyiko wa vitu hivyo viwili uchunguzwe zaidi.

Vetiva, ambayo baadhi ya wakulima hupanda kwenye kingo za matuta kuzuia mmomonyoko, nayo imetumika juu ya vifusi vya migodi katika nchi kadhaa zikiwemo Australia, China na Afrika Kusini. Hubakisha metali nyingi mizizini, ingawa zinki hupanda hadi majanini zaidi ya nyingine. Aina inayopandwa kwa kawaida haitoi mbegu zinazoota, hivyo hugawanywa kwa vikonyo. Hilo huizuia isigeuke magugu, lakini pia huondoa nafasi ya kuchagua mche mmoja bora kati ya maelfu, kwa kuwa kila kikonyo ni nakala ya mama yake.

Kwa nyasi za Katanga nafasi hiyo bado ipo, ila inapungua. Vilima vilivyozilea ndivyo vyenye madini, na kimoja baada ya kingine vinachimbwa. Kilima kikiondolewa, huondoka na nyasi ambazo zingehitajika kufunika shimo litakaloachwa. Sehemu ya mbegu za mimea ya vilima hivyo imekusanywa na kuhifadhiwa katika hali ya ubaridi nje ya nchi, katika Bustani ya Mimea ya Meise nchini Ubelgiji. Kazi ya kuzizidisha kwa kiasi cha kutosheleza hekta nyingi inahitaji mashamba ya mbegu katika Katanga yenyewe, na mashamba hayo lazima yaanzishwe wakati vilima bado vimesimama.